Neno Lililotaka Kuninyima Mume

Buyenzi, Bujumbura
12 Januari 2025

Mpendwa Baba mdogo Shaabani,

Assalaam alaykum. Mguu unaendeleaje? Tangu tusikie umetoka hospitali salama, Mama haachi kumshukuru Mungu. Huku sote wazima, mvua tu ndiyo inatusumbua. Barua hii anakuletea jirani yetu Astère, anayesafiri kuja huko Morogoro.

Sasa nikueleze ujumbe wako ulivyotufanya. Siku ile ulipolazwa ulimwandikia Mama: "Ndoa ya Amira iahirishwe." Kisha simu yako ikawa haipatikani. Baba mdogo, huku kwetu neno hilo hatulitumii! Sisi tunasema kusogeza, au kureporte. Mama aliusoma, akaurudia, akaupeleka hivyo hivyo kwa wazazi wa mchumba wangu Tajudini. Bibi yake, Mwanvua, akashika kichwa: "Akhera? Ndoa imepelekwa akhera? Basi imekufa!"

Nani angebisha? Wewe ndiye walii wangu tangu Baba afariki. Kwao waliona tumewadharau. Mama akalia. Mimi nikavirudisha vitenge vya harusi sandukuni.

Kesho yake Tajudini akaja mbio kutoka gereji yake ya mtaa wa Asiatique, mikono ingali na oili.

"Amira, ni wewe umenikataa?"

"Apana! Mi nakutaka."

"Basi twende kwa mutu anayejua Kiswahili cha huko."

Tukaenda kwa mwalimu Mohamadi wa madrasa, aliyesomea Tanzania. Alipousoma ujumbe alicheka mpaka akavua miwani. "Watoto wangu, kuahirisha ni kusogeza jambo mpaka siku ingine. Mukubwa akiumwa, mukutano unaahirishwa. Angetaka kuvunja ndoa, angeandika ivunjwe. Na bibi hakukosea sana: ahirisha na akhera yote ni ya Kiarabu, yote ni kuja nyuma."

Tajudini alikimbia kwao kuwaambia, hata kuniaga akasahau.

Sasa wazee wanataka umpe uwakili mtu wa hapa, atuozeshe mwezi huu. Nimekataa, na Tajudini yuko upande wangu. Nataka mkono wako ndio uushike mkono wake. Ukisema baada ya Idi, ni baada ya Idi. Hii sasa tumeiahirisha sisi wenyewe.

Nisalimie Mama mdogo Khadidja na kaka Uthmani. Bibi Mwanvua anakusalimu sana. Anaomba siku nyingine upige simu.

Mungu akuinue mzima, akufikishe kwetu ukitembea.

Ni mimi binti yako, nikupendaye na kukungoja,
Amira