Usilete Trekta Shambani

Kwako mwanangu uliye mbali,

Mimi baba yako nina miaka themanini na mbili. Nimewazika madaktari wawili walionitabiria kifo, nikamzika na mama yako, na jembe bado halijanishinda. Mbuzi kazaa mapacha.

Ila sasa silimi. Bwana shamba alisema nifunike shamba kwa mabua, eti udongo utaimeza na kuitunza hewa inayoichemsha dunia. Nikiutifua, itatoka yote. Nikamcheka: "Kijana, udongo una mapafu?"

Juzi alikuja kupima udongo, akachomeka chuma ardhini. Alipochomoa chuma chake karibu na kaburi la mama yako, shimo likatoa pumzi ya uvuguvugu, kisha kikohozi. Kile kikavu cha mama yako, haki ya nani! "Mzee, ziba!" kijana akapiga kelele. Nikaziba kwa viganja, nikahisi pumzi ikinisukuma.

Basi hilo trekta ulilonunua lisikanyage hapa. Ukilima, pumzi yote ya mama yako itatoka, nami nitabaki peke yangu. Nimewagomea wakubwa, sembuse wewe niliyekufuta kamasi!

Ni mimi baba yako mzazi.

Ukidhani ni uzee, shahidi wangu ni bwana shamba. Hakumkuta mama yako akiwa hai, lakini mwambie akukoholee alivyosikia.