Bia ya Maganda ya Chungwa

Tarehe 2 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta kwenye cherehani yako na magoti hayakusumbui sana. Mimi ni mzima, kile kikohozi kimeisha, na ninakula vizuri, usiniulize tena. Tangu masikio yako yaigomee simu nimezoea kukuandikia, na naona sasa nakwambia mengi kuliko zamani nilipokuwa nakupigia.

Habari kubwa ni kwamba Jumamosi ya wiki ijayo ninavuka mpaka na Kibonge, kwenda na kurudi siku hiyohiyo, kununua bia. Najua umeshakunja uso. Lakini si bia hizi za kila duka. Kuna kiwanda kidogo upande wa pili, wanapika wenyewe kwa mikono, sufuria chache tu, na kila chupa ina ladha yake. Unajua mimi na Kibonge tunapika yetu kwenye chumba cha nyuma cha karakana, tunaipoza kwenye majokofu ambayo wenyewe waliyaleta nitengeneze wakapotea. Ile ya tangawizi na maganda ya chungwa, tuliyoitoa kwenye kinywaji chako ulichokuwa ukiuza mlangoni tukiwa wadogo, sasa imetulia. Mwaka huu tunataka kuomba kibali tufungue kiwanda chetu. Kwa hiyo nataka nione wenzetu wanafanyaje.

Kibonge amenipiga chenga kweli. Mara gari bovu, mara mafua, mara bosi wake wa mikate amemnyima ruhusa. Yeye huvuka kila wiki kupeleka mikate huko, lakini anasema kiwanda hicho hajawahi kukikanyaga. Safari hii nimemng'ang'ania mpaka amekubali.

Nikuletee nini? Usiseme afya yangu tu.

Mwanao


Tarehe 6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua imenikuta mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo halijawahi kunipenda. Nashona sare za shule, kola tupu tangu asubuhi, vidole vimekufa ganzi.

Bia, bia. Nilikusomesha ufundi wa majokofu ili upoze vinywaji vya watu, si uvipike. Lakini nikisikia maganda yangu yamefika mbali, siwezi kusema sijafurahi. Kibonge naye alipita hapa kabla mvua hazijaanza, na mikate ya moto, akakaa jikoni kwangu asubuhi nzima. Alitaka nimkumbushe: maganda yanakaushwa kwanza au yanakaangwa mabichi, asali inaingia lini. Nikamwonyesha kila kitu. Nikajisemea, wanangu hawanisahau. Tangu mama yake aondoke na kumwacha kwa jirani, yule amekulia kwenye sahani zangu, na nikiulizwa nina watoto wangapi husema wawili.

Muangaliane njiani. Asiendeshe akiwa amekunywa. Niletee uzi mweusi mnene, ule wa kwao haukatiki.

Mama yako


Tarehe 9 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Nauliza kwa sababu sijui. Uzi nimeupata kwa mkono wa kondakta wa basi, umefungwa vizuri, bila hata neno moja ndani. Nimeugeuza na kuugeuza nikitafuta karatasi.

Kibonge naye hapiti tena. Jirani ameliona gari la mikate likipita barabarani bila kusimama kwangu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mmegombana? Kama ni mwanamke, mtapoa. Kama ni jambo jingine, niambie. Mimi si mgonjwa wa kufichwafichwa.

Mama yako


Tarehe 15 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Mwili ni mzima. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana, kwa sababu kuna neno ndani yake ambalo mtoto hapaswi kumwandikia mama yake.

Tulivuka asubuhi. Njia nzima Kibonge, ambaye ukimwachia nafasi hata redio haisikiki, alikuwa kimya. Tulipomaliza kugongewa mihuri akasema tununue kwenye duka la palepale mpakani, bia ni zilezile, turudi mapema. Nikamwambia sikuja kuangalia duka, nimekuja kuona sufuria. Akasema kiwanda hakifunguliwi Jumamosi. Nikamuuliza amejuaje na hajawahi kufika. Akawasha gari.

Kiwanda chenyewe ni banda la bati, sakafu imelowa, kuna harufu ya nafaka iliyochemshwa. Mlango ulikuwa wazi. Mwenye kiwanda ni mama wa makamo, buti za mpira hadi magotini, alikuwa anasukuma pipa. Alipomwona Kibonge aliliacha pipa akaja kumkumbatia, akimwita mtu wetu wa maganda. Nilidhani amemfananisha. Kisha akanigeukia, akauliza mimi ni nani. Kibonge akasema, "Jirani yangu tu."

Bado sikuelewa. Yule mama akafungua chupa atuonjeshe bia yao mpya, akasema siku hizi ndiyo inayotoka kuliko zote. Nikainusa kabla ya kunywa. Ilikuwa yetu, Mama. Tangawizi inakupokea, asali inachelewa, halafu ule uchungu wa ganda lililokaangwa hadi likakaribia kuungua, ambao mimi nimehangaika nao miaka na wewe huupata ukiwa unaongea na wateja. Kwenye chupa kuna picha ya kikongwe amejifunga kitambaa, na chini yake maneno "Urithi wa Mama". Nikauliza ni mama yupi.

Akateremsha sauti. Akasema, "Mama yake huyu. Alimwachia siri hii siku anakata roho. Kama mlikuwa majirani, basi ulimjua. Pole na wewe."

Nilimtazama Kibonge. Alikuwa anaziangalia buti za yule mama. Nami nikajibu, "Asante, tumeshapoa."

Nilisema hivyo, Mama. Nilipokea pole ya msiba wako. Sijui kwa nini sikumuumbua palepale. Nadhani niliona haya mbele ya mgeni, utafikiri aliyedanganya ni mimi.

Tulipotoka nje nikamkabili. Alisema alikuwa anatafuta siku nzuri ya kuniambia. Wamemchukua awe mpishi wao, ataacha kazi ya mikate, na mimi angeniingiza baadaye mambo yakikaa sawa. Chumba chetu cha nyuma, kibali tulichokuwa tunakihangaikia, yote hayo kwake yalikuwa yamekwisha tangu zamani, na bado kila Jumapili alikuja kukoroga sufuria na mimi. Nikamwambia, "Bia chukua. Mama yangu umemzika wapi?"

Alinifungulia mlango wa gari upande wangu, kama anavyofanya siku zote kwa kuwa kitasa chake ni kibovu, akasimama ameushika. Nikaondoka kwa miguu hadi mpakani. Nilinunua uzi wako njiani. Bia sikununua.

Chumba cha nyuma nimekifunga. Sijamwaga kitu, nimetia kufuli tu. Kama angenizunguka mimi tu ningevumilia, tungegombana tukamaliza. Kinachonichoma ni kwamba alikaa jikoni kwako akila na kuuliza habari za maganda, na kumbe kule ng'ambo watu walikuwa wanampa pole. Akija, usimfungulie.

Mwanao


Tarehe 29 Aprili

Mwanangu,

Marehemu anakusalimu, na goti limepata nafuu. Cheka kidogo, halafu usome.

Barua yako ilinifanya nishone kola mbili ndani nje. Kwanza nilikasirika na wewe. Mwezi mzima nimekaa hapa sijui kwamba nimekufa, na wewe unajua.

Kibonge amekuja. Ulisema nisimfungulie, lakini mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Alibeba mikate kama kawaida yake, na chupa moja kwenye mfuko wa koti. Akaketi kwenye kile kiti karibu na jiko, akangoja chai. Nikamwambia, "Marehemu hapiki chai."

Alilia. Nilimwacha alie, nikamaliza mshono niliokuwa nao. Aliponyamaza akasema maneno ambayo nakuandikia jinsi yalivyo, maana sikuyasikia vizuri ikabidi ayarudie karibu na sikio langu, na kuyarudia kulimtesa. Alisema, "Waliniuliza nimejifunza wapi. Ningesema ni kwa mama wa rafiki yangu, wangemtafuta rafiki yangu. Nikasema ni mama yangu. Na kama ningesema yu hai, wangetaka kuja kumwona. Na wewe ungewaambia mwanao ni yule mwingine."

Hilo limeniuma kuliko kuzikwa. Maana yake ni kwamba miaka yote hiyo nilipokuwa nikisema wawili, yeye alikuwa akisikia mmoja. Nikamwambia, "Kama uliona nakuweka pembeni, ungeninung'unikia. Ningekusikia. Wakati huo masikio yalikuwa mazima."

Akaomba msamaha. Nilimwambia wa kwangu nitaufikiria nikiwa na nafasi, na wako akautafute kwako. Nikamwambia pia asiniletee mikate tena. Aliyoiacha mezani nimewagawia majirani wote, sikubakiza hata kipande, ingawa ilinukia. Bia niliionja. Amezidisha asali. Na hiyo picha kwenye chupa amenizeesha, halafu kitambaa changu hakifungwi vile, tangu lini mimi nikajifunga fundo mbele?

Usiku wa kwanza baada ya yeye kuondoka nilikosa usingizi, nakwambia ukweli. Nilikuwa nakiangalia kile kiti. Mtu anaweza kukugeuka na bado ukamkumbuka anavyopenda chai yake, na hiyo ndiyo inayochosha.

Sasa nisikilize. Nimeshapiga picha za hati ya kusafiria, yule kijana wa studio akanikataza kucheka. Wamesema itatoka mwezi ujao. Wewe toa hiyo kufuli, pika pipa moja, na maganda ukaange mpaka uingiwe na hofu kwamba umeyaunguza. Hapo ndipo unapoepua. Kisha njoo unichukue, tuvuke mimi na wewe, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Nitavaa gauni la kijani.

Nataka yule mama mwenye buti ayaache mapipa yake, anitazame vizuri, aniulize mimi ni nani. Akiuliza, usinijibie.

Mama yako