Upande wa Pili wa Kitambaa

Jumatatu, 3 Machi 1913

Ndoo kumi na mbili leo. Kitambaa cha picha kikiwa kikavu hakipitishi mwanga, na wanawake hukaa nyuma yake, wanaume mbele. Kisipolowa hawaoni kitu. Kazi yangu ndiyo hiyo: panda ngazi, mwaga kata ya maji, shuka, sogeza ngazi, panda tena. Mgongo umekufa ganzi. Sijali.

Ghala hili lilikuwa la ufuta, na bado lanuka ufuta. Alasiri twaziba madirisha kwa magunia, Kostau, Mgoa wetu, anaanza kuzungusha mkono wa mashine ya picha, na farasi wanakimbia kitambaani. Mwaka mzima nawaona. Mwaka mzima nywele zanisimama. Subhanallah.

Mama alikuja juzi, mara yake ya kwanza. Aliporudi nyumbani akauliza mbona Wazungu wote wa kwenye picha wana shoto, wanakula na kupeana mikono kwa kushoto. Nikamwambia ndiyo adabu yao hiyo. Tumecheka siku mbili.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwona Athmani.

Niandike taratibu. Mikebe mipya ya picha imeshuka melini. Mmoja ni picha ya bandari ya Bombay. Makuli wanapita na magunia, na wa tano ni ndugu yangu. Anakwenda chopi. Anasimama, anamcheka mpiga picha, anapita. Pumzi nne, basi. Kata ikaniponyoka.

Mguu ule aliuvunja utotoni, alipoanguka ngazini. Mimi ndiye niliyekuwa nimeishika ngazi.

Walituambia meli aliyoondoka nayo ilizama, huu mwaka wa pili. Kibandiko cha mkebe kinasema picha ilipigwa Desemba iliyopita. Nimemtaka Kostau anisomee mara tatu. Yu hai!

Na Mjomba ameshapanga hitima iwe Ijumaa. Amechoka, asema, kumwona dada yake akimtandikia kitanda maiti. Mama alikuwa akikataa. Siku hizi hunyamaza tu. Hitima ikisomwa, kitanda kitatolewa.

Jumatano, 5 Machi

Nimempeleka Mama. Amekaa mbele ya wanawake wote. Nilikilowesha kitambaa mpaka kikatiririka. Athmani akapita. Nikangoja ukelele bure.

Nje, ndani ya buibui, sauti yake kavu: "Yule si mwanangu. Mwanangu hwenda chopi kwa guu la kuume. Yule ni la kushoto. Guu nililolikanda miezi minne silikosei."

Nikaapa ni yeye.

"Usinitezee moyo, baba. Na waisome hitima."

Nina hasira. Wallahi mimi niliona mguu wa kulia. Au ndivyo nilivyotaka kuona? Makuli wangapi wanachechemea Bombay? Shaka imeniingia, na hilo ndilo baya kuliko yote.

Alhamisi, 6 Machi

Kitambaa kilichanika pembeni. Asubuhi nimeingia nyuma na sindano, huku Kostau akijaribu mashine kwenye kitambaa nilichokwisha kukilowesha. Mwaka mzima sijapata kutazama picha kutoka upande ule. Nikainua macho. Athmani akapita, anachechemea mguu wa kushoto. Nikamwomba Kostau arudie, nikakimbia mbele. Mguu wa kulia. Nikarudi nyuma. Kushoto. Kostau alidhani nimeshikwa na wazimu.

Wazungu wale hawana shoto! Wanawake wameona kila kitu kinyume mwaka mzima, Mama akaniambia, na mimi nikacheka.

Nikamuuliza Kostau kama utepe wa picha waweza kupinduliwa. Waweza, akasema, lakini wanaume watalalamika. Nikasema leo ni zamu yao kuona kinyume.

Mama alikataa kuja. Nikamwambia, basi njoo umuage, kama ni kuaga. Kwa hilo akaja.

Alasiri wanaume wakapiga makelele, eti watu wote wanakula kwa kushoto. Nikaendelea kumwaga maji. Athmani akapita. Nyuma ya kitambaa mtu akasema polepole, "Ndilo guu." Kisha, "Athmani," kwa sauti ile ile ya kumwita aje ale.

Nimelia juu ya ngazi, kata mkononi. Kitambaa cha maji na taa tu, na mtu aliye ng'ambo ya bahari amepita mbele ya mamake. Mola ana mambo.

Ijumaa, 7 Machi

Hitima haikusomwa. Mjomba alifika na kanzu iliyopigwa pasi. Mama akamnywesha kahawa na kumwambia tende alizoleta zitaliwa na mwenyewe Athmani. Mjomba akanitazama mimi. Nikatazama kikombe.

Barua ya kumpelekea Athmani Bombay nimeiandika. Kostau ana binamu yake bandarini kule, ataipeleka kwa makuli.

Baada ya swala Mama amenituma kwa msuka vitanda. Kitanda cha Athmani kisukwe upya, kamba nene. Amenenepa, asema, hizi za zamani hazitambeba.