Giaboksi Chini ya Gunia

Jumanne, 1 Julai 1980

Baridi ya Julai. Mlima hatujauona wiki nzima, ni ukungu tu. Spana zinaniteleza mikononi kama samaki.

Leo Gathoni alikuja gereji. Mke wa marehemu ndugu yangu Kingori. Tangu tumzike mwezi wa pili hajawahi kukanyaga hapa. Alisimama mlangoni kama mgeni, mpaka nikamwambia, karibu Mama Ngendo, hapa ni kwenu.

Hakukaa. Akasema amechoka kuuzia kabeji shambani, wanunuzi wanakuja hadi kijijini Wamagana na kumpangia bei kama mtoto. Anataka kuzipeleka sokoni Karatina mwenyewe. Injini ya dizeli iliyotoka kwenye lori la Kingori si ni nzima? Basi niifunge kwenye lile lori lao la kwanza, la petroli, lililo juu ya mawe nyuma ya nyumba. Dereva anaye: Simeon, mpakizi wa Kingori wa miaka yote. Kingori ndiye aliyemfundisha kuendesha.

Nikamwambia injini si shida. Shida ni giaboksi. Ile ya petroli ni ndogo, dizeli itaitafuna meno kabla mwezi haujaisha.

Akatazama kona, penye gunia. Akauliza, na hiyo, si ilikuja na injini?

Nikasema hiyo haifai. Nilisema upesi mno. Hakuuliza tena.

Alhamisi, 3 Julai

Niandike jambo ambalo sijamwambia mtu. Daftari hili ni la Kiswahili, lugha niliyozoea karakana ya jeshi, na nyumbani hakuna anayekisoma kwa raha. Afadhali.

Miaka mitatu iliyopita, nilipomtilia Kingori dizeli kwenye lori lake la pili, nilikuwa na giaboksi mbili kwenye benchi. Moja kubwa, nzito, ya kubeba injini yoyote. Lakini ilitaka nikate fremu na kufupisha propela, ile shafti ndefu ya kuzungusha magurudumu ya nyuma. Kazi ya wiki mbili. Ya pili ilikuwa ya kadiri. Iliingia siku ileile, boliti zikakaa bila kusukumwa.

Kingori aliishika, akauliza, "Itashika?"

Nikampiga bega. "Itashika!"

Lori lilipotolewa bondeni baada ya ajali, chini ya ule mteremko wa darajani, mkono wa gia ulikuwa nyutro, haumo kwenye gia yoyote. Nyutro! Katikati ya mteremko, na kabeji hadi juu. Kila fundi anajua maana yake. Giaboksi ikilemewa inatema gia yenyewe. Ikishatema, injini haizuii tena lori, kazi yote inabaki ya breki — na breki peke yake haiwezi.

Basi ndiyo hiyo. Nilikwepa kazi ya wiki mbili, nikamzika mdogo wangu.

Hilo dude nililifunika kwa gunia siku ileile nilipolitoa kwenye lori. Sijalifungua hadi leo. Fundi gani anaogopa giaboksi?

Jumamosi, 5 Julai

Murang'a, kwa Muriithi wa vyuma chakavu. Maneno mengi kuliko vyuma. Akanitolea giaboksi ya lori la tani saba, imepakwa rangi ya buluu inang'aa kama sufuria mpya. Akasema hii hata ukiifunga kwa nyumba, nyumba itatoka.

Nikafanya vile ninavyofanya siku zote. Kwanza oili: mwaga kidogo kiganjani, sugua kwa kidole, angalia kama kuna unga wa chuma. Kisha shafti: ishike, itikise juu chini, usikilize. Kisha nikakwangua ile buluu kwa kucha. Ufa! Umechomewa toka sikio moja la boliti mpaka lingine.

Nikamuuliza, na hii rangi?

"Aah, fundi! Wateja wa siku hizi wanapenda rangi. Sasa mimi nifanye nini?"

Nikacheka. Mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Nikageuka nimwambie Kingori, maana safari za vyuma tulikuwa tukienda wawili. Nikakuta ukuta.

Jumapili, 6 Julai

Kanisani. Mama mzee Magdaline, anayekaa juu ya ule mteremko, alinishika mkono akakataa kuuachilia. Akaniambia tena habari za siku ile. Alikuwa akichuma majani ya ng'ombe kando ya barabara. Anasema aliliona lori, lakini hakulisikia. Lilimpita kimya, kimya kabisa, akashtuka likiwa tayari chini.

Masikio ya miaka themanini. Nikamwambia asante mama, Mungu akuweke.

Jumatano, 9 Julai

Mwea, kwenye kinu cha mpunga. Fundi wa pale ni Kobia, Mmeru, tulikuwa karakana moja jeshini. Mtu wa maneno machache, hanichekei bure.

Anayo giaboksi. Nzuri! Meno mapana, shafti haitikisiki hata kidogo, oili safi. Nikaipapasa nikasema moyoni, hii hapa. Nitakata fremu, nitafupisha propela, safari hii nitafanya kazi yote ya wiki mbili, hata mwezi.

Akaniuliza ni ya injini gani. Nikamwambia ile ya Kingori.

Akaweka chini kikombe cha chai.

"Na ile giaboksi ulifunga na hiyo injini? Si mimi na wewe tuliipima hapa hapa seventy-seven? Hiyo ingebeba hiyo injini miaka kumi. Ilivunjika wapi?"

Nikasema sijui.

"Ulifungua?"

"Bado."

Mashine za mpunga zinanguruma, vumbi la makapi linatuangukia kichwani. Kisha akasema, "Mutahi, rafiki yangu, enda ufungue. Ukipata imeharibika, rudi, hii nitakupatia. Lakini siwezi kukupatia giaboksi ati kwa sababu unaogopa ingine."

Nilikasirika. Nimetoka Nyeri mpaka Mwea kuhubiriwa! Sikumaliza chai yake.

Alhamisi, 10 Julai

Gari la mwalimu, klachi. Gari la posta, breki. Gunia liko palepale.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, tuliandikishwa shuleni. Na mficha giaboksi?

Ijumaa, 11 Julai

Gathoni amekuja tena. Safari hii aliketi, juu ya tairi, miguu pamoja, kitambaa kimefungwa kichwani kama wa kwenda kanisani.

Nikaanza hadithi ya Murang'a na ile rangi ya buluu. Hakucheka. Akasema, "Baba Theuri, wacha."

Nikaacha.

"Unajua wanasema nini huko nyumbani? Wanasema Kingori alikuwa amelewa. Kingori! Mtu hajaonja pombe tangu abatizwe. Hata mama yenu ameanza kuniuliza kama kuna kitu nilikuwa namfichia."

Sikujua. Naapa sikujua. Mimi nimekaa hapa na gunia langu, nikidhani uchungu ni wangu peke yangu.

Akasema, "Hiyo kitu iko hapo chini, najua ni nini. Umeificha kama mtoto amevunja sahani. Ikiwa ni hiyo chuma ilimuua, mimi sitakulaumu. Chuma haikosei mtu makusudi, na wewe pia hukukosea makusudi. Lakini nataka kujua, ndio niwaambie. Hiyo tu."

Nililia mbele yake. Mtu mzima, na mafuta usoni. Yeye hakulia. Alinipa kitambaa akaniambia nijipanguse, kuna mteja anakuja.

Nimemwahidi Jumatatu.

Jumatatu, 14 Julai

Saa mbili asubuhi nimeondoa gunia. Vumbi, kinyesi cha kuku. Nimeipandisha kwenye benchi peke yangu, mgongo utaniambia kesho.

Oili kwanza. Imetoka taratibu, rangi ya asali. Nimesugua kidoleni. Hakuna unga. Nimepitisha sumaku. Hakuna!

Nimefungua kifuniko. Meno yote yapo. Hakuna hata moja lililovunjika, wala lililolika ncha. Uma wa kusukuma gia umenyooka. Springi za kushikilia gia zimenisukuma kidole gumba kwa nguvu zilezile za siku ya kwanza. Nimeitia gia ya tatu kwa bisibisi, nikaigonga kwa nyundo ya mbao. Imekaa. Nikaigonga tena kwa hasira. Imekaa!

Haikutema gia. Giaboksi hii haijawahi kutema gia.

Nilicheka kwa sauti. Naandika hata aibu hii. Nilicheka, nikapiga benchi, nikasema si mimi, Mungu wangu, si mimi. Kobia alijua! Nilichagua sawa!

Kisha nikakaa chini.

Kama giaboksi haikutema, basi ni mkono ulioweka nyutro. Mkono wa Kingori mwenyewe. Na hapo ndipo nikakumbuka waya wa kuzima injini. Nilipoitoa dizeli kwenye lori nilikuta umevutwa mpaka mwisho, nikadhani ni ajali iliyouvuta. Na mama mzee Magdaline: aliliona, hakulisikia. Masikio yake ni mazima kuliko yangu.

Alizima injini huko juu. Akaweka nyutro.

Sabini na nne, mwaka petroli ilipopanda. Kingori ndiyo kwanza ameshika usukani wa lile lori la kwanza. Mimi nimekaa kando yake, kaka mkubwa, fundi wa jeshi, mjuzi wa kila kitu. Mteremko uleule. Nikamwambia, "Zima. Weka nyutro. Unachoma mafuta ya nini? Acha mlima ukubebe." Tukateremka mpaka darajani tukisikia upepo tu, tunacheka kama watoto. Kila dereva wa huku alifanya hivyo. Wengi wanafanya hadi leo.

Na lile lori la petroli lilikuwa jepesi, breki zake za kawaida, nguvu ya mguu tu, injini ikiwaka au ikizima ni sawa. Hili la dizeli nililibadilisha mimi. Mzigo ulikuwa mkubwa zaidi, kwa hiyo nikalitia breki zinazosaidiwa na pampu ya injini. Ukizima injini pampu inalala. Inabaki akiba ya kukanyaga mara mbili, tatu, kisha pedali inakuwa jiwe. Miaka mitatu hizo mara tatu zilimtosha. Siku ile kabeji zilikuwa nyingi, hazikutosha.

Siku ya kumkabidhi lori nilimweleza giaboksi saa nzima. Gia hii hivi, gia ile vile, usiilazimishe, sikiliza meno. Kuhusu mteremko sikumwambia neno hata moja. Nilisahau nilichomfundisha. Yeye hakusahau.

Ningepata meno yamevunjika ingekuwa afadhali. Ee Kingori.

Saa tisa. Gathoni amefika na chai kwenye chupa. Ameiona giaboksi imefunguliwa, inang'aa ndani. Ameangalia muda mrefu, kisha akauliza nimeona nini.

Nikasema, "Ni nzima."

"Nzima, nzima?"

"Hata jino moja halijavunjika."

Akafurahi kidogo, kisha uso ukabadilika. Akasema basi hii tutaifunga, si itashika? Nikasema itashika. Neno lilinitoka lenyewe. Akamimina chai. Halafu, polepole, akiangalia kikombe, "Kama ni nzima, basi ni nini ilimuua?"

Nikamwambia angoje kwanza Simeon aje na pikapu, tuipakie, tutaongea. Ni muoga mimi. Nilitaka dakika chache tu.

Sikuzipata. Nilipoinua kichwa pikapu ilikuwa imeshafika langoni. Sikuisikia. Kokoto tu chini ya tairi, basi. Simeon akateremka anatabasamu, anatusalimia wote kwa mkono.

Nikamuuliza injini imekufa?

"Hapana, fundi! Nimezima huko juu kwa kanisa. Dizeli ni ghali siku hizi. Unawacha mlima ikubebe tu, mpaka hapa. Hii ni Kingori alinionyesha."

Gathoni akageuka. Hakumtazama Simeon, alinitazama mimi. Kikombe changu bado kiko mkononi mwake.

Nimeingia ndani, nimesema natafuta mnyororo wa kuinulia. Naandika nimesimama. Simeon ndiye atakayeteremka ule mteremko, juma lijalo, na injini ileile na breki zilezile nitakazozifunga mimi. Nikinyamaza nitamzika na huyu. Nikisema, yule mama nje atajua aliyemuua mumewe ni nani, na kwamba si chuma.

Anaita. Sauti yake haina hasira, ndiyo inayoniumiza zaidi.

"Baba Theuri. Na Kingori, yeye alionyeshwa na nani?"

Mnyororo ninao mkononi tangu nilipoingia.