Vikapu Vilivyovuka Tunduma

Jumatatu, 2 Julai 1956. Mbalizi
Nimesuka tangu asubuhi. Vidole vinawaka. Milulu, majani ya kusukia aliyotuma mama kutoka Kilolo, kwetu Iringa, ni laini kama hariri. Ambakisye wangu bado yuko Rodeshia ya Kaskazini, kwenye migodi, anauza vikapu vyetu. Vyetu! Kifuniko na kishikio ni wazo langu, ili wachimbaji wabebee chakula. Kuvuka mpaka pale Tunduma ni wazo lake, maana hapa dukani vilikaa tu. Ndoa bado mbichi na kitanda kikubwa mno. Masista walinifundisha jiometri, hawakunifundisha kusubiri. Nampenda hadi naona aibu kuandika.

Ijumaa, 6 Julai
Dereva Sanga, anayetubebea mizigo kwa lori, amerudi kutoka ng'ambo. Nilimkimbilia bila kanga. Akacheka, "Shemeji, vile vikapu ulivisuka au ulivipika?"
Kosa langu. Nilivitundika juu ya moto, kama afanyavyo mama, ili wadudu wasivitoboe. Mabibi wa kizungu walionunua kwanza wakavinusa, wakavirudisha. Mume wangu amesimama sokoni na mzigo unaonuka moshi wa jikoni kwangu. Nimelia.
Halafu nikafurahi. Atarudi! Mungu anisamehe, nimefua mashuka.

Jumatano, 18 Julai
Harudi.
Wanyakyusa wa migodini, wenzake Amba walio mbali na kwao, wamevimaliza vyote. Sanga anasema mmoja alitumbukiza uso ndani ya kikapu, akakaa hivyohivyo, kisha akasema, "Jiko la mama hili." Wakagombania. Sasa Amba anataka mzigo mwingine, wenye moshi uleule. Anatafuta na chumba cha duka hukohuko.
"Shemeji, mbona umenuna? Mmetajirika!" Sanga huyo.
Ningeruka kwa furaha. Badala yake nawachukia wachimbaji wote, mmoja mmoja.

Alhamisi, 19 Julai
Vikapu vipya ni vyeupe, havina harufu. Nikivituma hivi, hakuna atakayevigombania. Duka halitafunguliwa. Amba atarudi nyumbani, kwangu. Hatajua kamwe.
Sijawasha moto leo. Nimekula ndizi, nimevitazama.

Jumamosi, 21 Julai
Nimevifukiza vyote. Kuni mbichi, macho yamevimba.
Sanga amevipakia lorini, ukungu ukiwa bado umetanda. Hakunitania. Najua Amba atakapofungua mzigo, kabla hajauza hata kimoja, atatumbukiza uso wake.
Lori limeshika njia ya Tunduma. Baridi. Nimepika ugali wa mtu mmoja, na bado umebaki.