Nilisaini samansi ya mwanamume mwingine kwa sababu mtoto ananiita baba

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo, naomba msaada wako na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho wa barua, maana hata mimi nikijisimulia naona kama kichekesho, ila usingizi sipati na chakula kinanishinda.

Mimi ni fundi baiskeli, kibanda changu kiko kwenye kona mbele ya shule ya msingi, na mtaani hakuna anayejua jina langu la kitambulisho kwa sababu wote wananiita Baba Chiriku, hata kibao cha juu ya mlango kimeandikwa BABA CHIRIKU FUNDI BAISKELI, ingawa herufi zimepauka kwa jua. Chiriku ni binti yetu, ana miaka saba, tulimpa jina hilo kwa sababu akianza kusema hata baiskeli zinachoka kumsikiliza, lakini mshauri, ukweli wenyewe ni kwamba sikumzaa, mama yake alikuja kibandani na baiskeli iliyokatika mnyororo na mtoto mgongoni, wakati huo hajajua hata kutambaa vizuri, nikatengeneza mnyororo, wiki iliyofuata akarudi mnyororo ukiwa mzima akasema breki zinalia, na breki zenyewe zilikuwa hazilii. Tangu hapo tuko pamoja, ndoa hatujafunga lakini nyumba ni moja na sufuria ni moja, na neno la kwanza la Chiriku lilikuwa "baba", alinitamkia mimi nikiwa nimebana boliti kwa meno.

Aliyemzaa ni dereva wa lori aliyewahi kupanga chumba mtaa wa pili, aliondoka mimba ikiwa changa na hakuwahi kutuma hata salamu, na Chiriku hajui habari zake, tulisema tutamwambia akikua, na kila mwaka tunaona bado hajakua.

Sasa hivi karibuni Mama Chiriku, ambaye ni mpiga pasi kwa dobi mmoja mkubwa, alisikia kwamba dereva yule ameajiriwa na kampuni ya mizigo na ametulia, akaniambia anakwenda ustawi wa jamii na kutoka huko mahakamani kumdai matunzo ya mtoto, nikamwambia kwani hapa mtoto amekosa nini, akasema hajakosa, ila "sitaki siku moja mwanangu aniulize kwa nini sikumdaia haki yake," nikasema na mimi je, akanijibu bila hasira, pasi inaenda na kurudi, "Baba Chiriku, hii kesi haikuhusu." Nikanuna, nikatoka nje kukaza spoki ambazo hazikulegea, na toka siku hiyo kesi haikuzungumzwa tena nyumbani kwetu.

Basi Jumatatu iliyopita mchana, shule zimefungwa, Chiriku amekaa juu ya tairi kuukuu ananieleza kwa nini paka hawaendeshi baiskeli, akaja mzee mmoja anasukuma baiskeli yenye pancha, ana mkoba mkubwa begani na jasho limemloanisha, nikamkaribisha kwenye benchi, nikatoa tyubu nikaitia kwenye karai la maji kutafuta tundu, naye akafungua mkoba akasema, "Fundi, wewe ni mwenyeji hapa, namtafuta baba wa mtoto mmoja," akasoma jina la mtoto lile la shuleni, na kabla sijafungua mdomo Chiriku akaruka kutoka kwenye tairi, "Ni mimi huyo! Na baba yangu ndiye huyu!" Mzee akanitazama, akauliza, "Kweli, bwana? Wewe ndiye baba wa mtoto huyu?" na mtoto amesimama ananikodolea macho huku anacheka, meno mawili ya mbele hayapo, sasa mshauri, wewe ungesema nini? Nikasema ndiyo, ndiye mimi. Akatoa samansi ya mahakama, akasema saini hapa basi, na niliona kabisa kwamba jina lililoandikwa ni la dereva, lakini nikasaini kwa vidole vya grisi, nikaziba pancha yake, akashukuru akaenda zake.

Tangu siku hiyo samansi iko ndani ya kopo la spoki, Mama Chiriku hajui, anadhani dereva ameipokea na amenyamaza kwa kiburi, na mimi nimeisoma mpaka naiota maana imejaa maneno ya kutisha, kuna mwombaji, kuna mjibu maombi, kuna kuthibitisha uzazi, kuna vipimo vya vinasaba endapo vitahitajika, kuna matunzo na malimbikizo, kuna ulezi wa mtoto, na mwisho kuna kwamba asipofika shauri litasikilizwa upande mmoja. Kwenye uzazi na ulezi ndipo ninapokwama, naogopa yule akishathibitishwa kuwa mzazi basi na mtoto atakabidhiwa kwake, aondoke naye, na mimi nibaki na tairi tupu.

Jirani yangu muuza vipuri ananishauri niende siku hiyo nikiri kwamba baba ni mimi, anasema, "Kitanda hakizai haramu, bwana, mahakama inatafuta baba, si upo? Wapelekee," na kwamba hata nikipimwa vinasaba vitaonekana vya Chiriku kwa kuwa nimeishi naye miaka yote na hata kutembea anatembea kama mimi. Moyo umeanza kumkubalia, maana mtoto namlisha tayari, nitapoteza nini? Shauri ni Alhamisi ya wiki ijayo. Na swali langu la mwisho, tafadhali usinicheke, mahakama ikisema baba ni mwingine, je, natakiwa kushusha kibao?

Ni mimi,
Fundi wa Kona

*

Fundi wa Kona, marahaba. Nilicheka kidogo tu, pale kwenye breki. Kuanzia kwenye tairi sikucheka tena. Barua yako imeruka foleni ya wenzio wote, kwa sababu gazeti linatoka Jumatatu, na shauri la Alhamisi halimsubiri mtu.

Nikugombeze kwanza, tutapozana baadaye. Mtoto alipokuonyesha kidole ukaitikia, hukukosea. Ningekuwa mimi ningeitikia kwa sauti kuliko wewe. Ulikosea uliposhika kalamu. Ulishindwa nini kumvuta yule mzee pembeni ukamnong'oneza, "Mzee wangu, mtoto ni wangu lakini karatasi si yangu"? Angekuelewa. Yeye naye sina sifa za kumpa. Mtu anayetafuta wahusika kwa kuamini neno la mtoto huku akingoja pancha yake izibwe anastahili barua ya peke yake.

Sasa hayo maneno. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa mahakama, na msamiati huo nimekula nao mezani miaka mingi. Ukiuzoea hautishi.

Mwombaji ni anayeomba, naye ni Mama Chiriku. Mjibu maombi ni anayetakiwa kujibu, naye ni dereva. Wewe hutajwi kabisa. Mwenzio alipokuambia kesi haikuhusu, alimaanisha kwamba hakuna anayekudai kitu, kwa kuwa wewe umekwisha kutoa. Lakini ulishanuna, na mtu aliyenuna hasikii vizuri. Naye angeweza kuweka pasi chini kidogo akakueleza. Mwambie nimesema.

Kuthibitisha uzazi ni kuuliza jambo moja dogo: nani alimzaa. Mzazi akikana, vinasaba vitajibu. Havijui nani alimshikia mtoto kiti cha baiskeli alipokuwa anajifunza, wala havikuulizwa. Na umwambie muuza vipuri kwamba vinasaba haviambukizwi kama mafua. Kuhusu kitanda kisichozaa haramu, msemo ni mzuri na wazee walijua walichosema, ila wakati huo kitanda hakikuwa chako. Ulikuwa hujazisikia hata hizo breki.

Matunzo ndipo uliponiudhi. Ni chakula, mavazi, shule na matibabu, na ni haki ya mtoto. Mama anamdaia tu. Hakuna mwenye ruhusa ya kuisamehe kwa niaba yake, si mama, si wewe, si muuza vipuri. Ukiweka samansi ndani ya kopo unamkalia Chiriku haki yake. Ulidhani umemfungia dereva mlango asiingie, kumbe umemfungulia akimbie mara ya pili.

Ngoja nikuonyeshe kinachofuata. Alhamisi dereva hafiki, kwa sababu hajui. Mahakama inaona saini, inaamini ameitwa akadharau, inasikiliza upande mmoja na kutoa amri. Mama Chiriku anafurahi. Kisha amri inakaziwa, maana yake inatiwa nguvu ili itekelezwe, kwa mfano kwa kumkata mshahara, pamoja na malimbikizo, yaani yale yaliyopaswa kutolewa yakarundikana. Hapo ndipo dereva anapokuja mbio na kusema, "Sikuwahi kuitwa." Na safari hii atakuwa anasema kweli! Saini yako ya grisi itakuwa shahidi wake. Amri inaweza kutenguliwa, na mwanamke anayesimama kutwa nzima akipiga pasi aanze upya.

Huko kukiri unakoshauriwa nako usikuguse. Ukisimama mbele ya hakimu ukaapa kwamba umemzaa mtoto ambaye hukumzaa, hicho ni kiapo cha uongo. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwako ingeishia kwenye chumba kisicho na baiskeli wala Chiriku.

Tuje kwenye ulezi, maana najua macho yako yameruka mistari yote kulitafuta neno hili. Kutoa matunzo hakumpi mtu hati ya kumchukua mtoto. Mtoto akae na nani ni swali jingine, linapimwa lenyewe, na mahakama inatakiwa kutazama ustawi wa mtoto: amezoea nani, anasoma wapi, nani anamjua akiumwa. Sitakudanganya, ndugu yangu. Dereva anaweza kuomba kumwona, na anaweza kuruhusiwa. Siku hiyo utaumia, na hakuna dawa ninayoweza kukupa. Lakini mtoto kuonana na mtu ni jambo moja na mtoto kuhamishwa ni jambo jingine, usiyatie kwenye karai moja. Kama unataka na wewe sheria ikutambue, muulize ofisa ustawi wa jamii kuhusu ulezi wa kisheria au kuasili mtoto. Masharti hutofautiana, na huenda mkaulizwa habari za ndoa. Miaka yote hiyo breki zinalia na ndoa bado? Haya, leo nanyamaza.

Fanya hivi. Leo funga kibanda mapema, toa samansi kwenye kopo, umpe Mama Chiriku mkononi. Usitangulize sababu, tanguliza karatasi. Atakuja juu. Muache aje juu, ana haki, na usithubutu kumkumbusha lile neno alilokuambia akipiga pasi mpaka ashuke mwenyewe. Kesho asubuhi nendeni wawili masijala ya mahakama, mkaeleze kwamba hati ilipokelewa na asiyehusika, na muombe dereva aitwe upya kwa anwani ya kazini kwake. Watakugombeza. Vaa shati safi, amkia watu, gombezwa kimya kimya. Ni bora ukagombezwe kesho kwa miguu yako kuliko uje kuitwa baadaye.

Halafu Chiriku. Mmesubiri akue, naye amekua mpaka anamjibu mtu wa mahakama barabarani. Vipimo vikihitajika atapitishiwa kijiti cha pamba mdomoni, na kwa jinsi ulivyonieleza, atauliza cha nini, na atamuuliza yeyote aliye karibu. Unataka ajibiwe na nani? Mwambieni ninyi, wote wawili, mchana, mkiwa mmeketi naye. Mwambie yupo mtu aliyemzaa pamoja na mama, anaitwa atoe sehemu yake, na wewe ndiye uliyemlea na huendi popote. Usimseme vibaya yule mtu, maana ni sehemu ya mtoto. Kisha jibu maswali yake, yote, hata yakifika kwenye paka. Huenda akalia. Huenda akanuna siku mbili, tabia hiyo akiwa ameitoa kwako. Kuzaa si kazi, kazi kulea, na kazi yenyewe ndiyo hii sasa.

Nimebakiwa na kibao. Hakuna hakimu atakayekuuliza habari zake. Ila umesema mwenyewe herufi zimepauka, kwa hiyo nunua kopo la rangi na brashi. Chiriku akishajua, si kabla, akishamaliza kulia na kuuliza, mwambie kibao kinahitaji kuandikwa upya, na umwachie aandike jina analotaka yeye. Wewe shika ngazi.