Kompyuta Chini ya Kitambaa cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Mume wangu Patient ameondoka na basi la wafanyakazi. Busu shingoni, kisha vumbi. Nimefuta meza. Lori la mgodi likapita, nikafuta tena. Tangu nimeolewa nimefuta vumbi jekundu jingi kuliko nililofuta katika usichana wangu wote, na nafuta nikiimba. Ni meza ya Patient. Naipenda kupita kiasi.

Kasha la kompyuta limefika kutoka Lubumbashi. Limetumika, lina mikwaruzo, matundu juu na mgongoni. Sasa vifaa vyote vipo. Nitaiunda mwenyewe na nitaitia Linux, mfumo usiouzwa.

Tresor, mdogo wake Patient, amekuja kunywa chai yetu na kunicheka. Anauza simu sokoni na kuwawekea watu Windows ya wizi, basi anajiita injinia. Injinia! Mtu anayepuliza simu kwa mdomo kama anawasha makaa. "Linux? Kitu ya bule iko bule," akasema. Kisha akakitazama chumba chetu cha mbele kama anayepima mapazia.

Najua anachotaka. Nyumba ni ya mama mkwe na chumba hicho kinatazama barabara. Mimi nakitaka kwa kazi ya kuchapa: barua za kuomba kazi, programu za misa, kadi za harusi. Yeye anakitaka kwa simu zake. Mama mkwe ameamua. Jumapili baada ya misa atakuja kuona. Kompyuta ikifanya kazi, chumba changu. Isipofanya, cha Tresor.

Jumanne, 4 Juni

Tumeiunda! Imewaka!

Patient alirudi ananuka chuma kilichochomelewa, harufu tamu kuliko zote duniani. Akashika tochi na kunisomea maelekezo kwa sauti ileile aliyoniposea. "Ingiza prosesa taratibu, bila kutumia nguvu." Nilikaribia kulia. Hakuna mwanamke Kolwezi aliyesomewa hivyo.

Vijiti vya kumbukumbu vilikataa. Kisha tak, vikaingia. Umeme, kwa mara moja katika maisha yake, ulikaa. Feni zikazunguka. Linux ikapanda kutoka kwenye flashi bila kudai leseni ya mtu. Patient akaninyanyua, nikagonga taa kwa kichwa. Sijali.

Jumatano, 5 Juni

Mama mkwe ametuma zawadi. Kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe kwa sindano, kikubwa, maua pembeni. Katika nyumba zetu redio haikai uchi, wala televisheni. Ni aibu. Nimekitandika juu ya kompyuta, kikashuka mgongoni mpaka mezani. Imependeza kama bibi arusi. Kama mimi. Na vumbi likome.

Mchana imezimika yenyewe. Nimewasha. Imezimika.

Alhamisi, 6 Juni

Imezimika nikiwa naandika jina la Patient. Nilifika herufi ya nne.

Tresor amekuja bila kuitwa, akagusa skrini kwa kidole chenye mafuta ya samaki, akatangaza: "Iko na virus ya Linux." Virusi! Haijawahi hata kuonja intaneti. Ujinga wake una kelele kama spika za baa. Jirani wa kulia anasema ni umeme. Wa kushoto anasema nimerogwa. Mtaa mzima ni mafundi, na hakuna hata mmoja mwenye bisibisi.

Nimetoa vijiti, nimevirudisha. Nimeweka Linux upya. Nimefunika vizuri. Imezimika.

Nimelia. Patient amenifuta machozi kwa mkono wa koti lake la kazi, sasa nina weusi usoni. Nimeuacha.

Ijumaa, 7 Juni

Kitambaa kimekuwa chekundu. Mama mkwe asikione hivyo. Nimekifua, nimekianika. Kikiwa kambani nilichapa programu nzima ya misa, na kompyuta haikukohoa. Nikafurahi. Nikakirudisha, kinanukia sabuni.

Imezimika.

Nimeweka kiganja juu ya kasha. Moto kama chungu cha bukari inayosongwa. Yale matundu! Nimelifunga pua kwa maua.

Tresor mjinga. Majirani wajinga. Mimi ndiye niliyeshika bisibisi, na nimewashinda wote kwa ujinga.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefurahi mapema mno. Nikikitoa kitambaa, namkataa mama mkwe mbele ya familia, zawadi yake ya kwanza kwangu. Nikikiacha, inazimika mbele yake. Nimekiweka chini ya kasha. Kimepotea, maua mawili tu yanachungulia kama vidole vya mtu aliyelaliwa. Ni matusi zaidi, nimekitoa.

Patient amesema tukitoboe matundu. Namwabudu, lakini ni fundi wa kuchomelea mpaka ndotoni.

Naogopa. Mkaza mwana wa mwezi mmoja hamfundishi mama mkwe.

Jumapili, 9 Juni

Tresor amefika na katoni ya simu zake tayari. Hana haya. Mama mkwe kaingia nyuma yake, kitenge cha misa, akasimama mbele ya meza.

"Kitambala yangu iko wapi?"

Tresor akatabasamu. Nikatazama sakafu, nikasema yote. Kwamba kompyuta inavuta hewa kwa yale matundu, inatoa joto hukohuko. Kwamba niliifunika, ikawa inazimia. Nikampa kitambaa, kimekunjwa.

Nilisikia feni.

"Mutu akikupatia kitu ya kukuua, utasema tu merci mama?" akauliza mama mkwe.

Akavuta kiti, akaniamuru niandike. Niliandika jina lake, nyimbo za misa, barua nzima. Muda wote mkono wake ulikuwa juu ya kasha, kama anayepima homa ya mtoto.

"Ngojeni," Tresor akasema. "Itakufa tu."

"Weye ulisema virus. Virus njo kitambala yangu?"

Patient akatoka nje kucheka. Nilimsikia. Tresor akabeba katoni yake, akapita katika vumbi la lori bila kuaga. Injinia.

Mama mkwe akainuka, akakitandika kitambaa kwenye kiti alichokalia. "Hii haipumuake," akasema.

Jumatatu, 10 Juni

Patient ameondoka na basi. Nimefuta meza. Nimefuta kompyuta, iko uchi, inanguruma kidogo. Malori yanapita.

Nimekaa juu ya maua. Nimeandika jina la Patient mpaka mwisho.